Filamu za Vugiri: Sayansi ya Kutunza Sinema za Kale na Kamera Katika Nchi za Joto

Katika wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga, kuna mahali paitwapo Vugiri. Ni sehemu ya milima ya Usambara ya Magharibi, juu ya bonde la mto Pangani. Wengi huijua kwa mashamba yake ya chai na hewa yake ya baridi. Wachache hukumbuka kwamba kati ya mwaka 1935 na 1937 Vugiri ilikuwa makao ya mojawapo ya majaribio ya kwanza ya kutengeneza sinema za elimu kwa ajili ya Waafrika wa Afrika Mashariki na Afrika ya Kati.

Katika muda huo zilitengenezwa filamu zipatazo 35, zote za rangi nyeusi na nyeupe. Zinazojulikana kubakia, katika hifadhi ya Taasisi ya Filamu ya Uingereza, ni tatu tu. Moja yahusu mafunzo ya uganga wa mifugo, ya pili ugonjwa wa safura, na ya tatu mashamba ya wakulima wadogo huko Kingolwira, karibu na Morogoro. Zote tatu ni za mwaka 1936.

Filamu ni kitu cha kikemia, na kemia yake haikomi siku picha inapokamilika. Kopo lililofungiwa kabatini kwa miaka hamsini huendelea kubadilika polepole kila siku, kwa kasi inayotegemea joto na unyevu wa mahali lilipo. Kamera nayo, hata isipotumika, hushambuliwa na adui hao hao. Makala haya yanaeleza filamu ya zamani imeundwa na nini, huharibika kwa njia gani, na ni hatua zipi ambazo shule, chuo au mtu binafsi anaweza kuzichukua bila ya mitambo ya gharama kubwa.

JARIBIO LENYEWE

Jaribio hilo liliitwa kwa Kiingereza Bantu Educational Kinema Experiment. Lilikuwa chini ya Baraza la Kimataifa la Misioni, na sehemu kubwa ya fedha zake ilitoka Shirika la Carnegie la New York. Waliloliendesha ni Meja L. A. Notcutt, ambaye hapo awali alikuwa meneja wa mashamba ya mkonge katika Afrika Mashariki, na G. C. Latham, aliyekuwa mkuu wa elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Mwaka 1937 wawili hao walichapisha kitabu cha taarifa ya kazi yao.

Filamu zilihusu mmomonyoko wa udongo, kilimo cha kahawa, malaria ya watoto, kodi, na faida ya kuweka akiba Posta. Waigizaji walikuwa Waafrika wasiokuwa na mafunzo ya uigizaji. Yafaa ieleweke kwamba makusudi ya jaribio yalikuwa makusudi ya watawala wa wakati ule: mambo ya kufundishwa yaliamuliwa na wageni, na watazamaji hawakuulizwa wangependa kuona nini. Hata hivyo, picha zenyewe zina thamani isiyotegemea makusudi hayo. Zinaonyesha nyuso, mavazi, nyumba, zana na mashamba ya watu wa miaka ya 1930, tena katika mwendo, jambo ambalo picha ya kawaida haiwezi kulionyesha.

Gari lenye mtambo wa kuonyeshea lilipelekwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Filamu zilikuwa za upana wa milimita 16, na sauti haikuwa ndani ya filamu bali katika sahani za santuri zilizochezwa pamoja na picha. Njia hii ilikuwa na faida kubwa: picha ile ile iliweza kuambatana na sahani ya Kiswahili mahali pamoja, na sahani ya lugha nyingine mahali pengine.

Lakini njia hiyo ilikuwa pia na udhaifu. Filamu ikikatika na fundi akaiunga baada ya kutupa kipande kilichoharibika, picha hupungua lakini sauti iliyo kwenye sahani haipungui. Katika filamu ya milimita 16, picha moja huchukua urefu wa milimita 7.62. Kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde, kipande cha sentimita 18 tu ni sekunde moja nzima. Tangu hapo mdomo wa msemaji utatangulia na maneno yake yatafuata nyuma kwa sekunde moja, hadi mwisho wa filamu. Dawa yake ilikuwa kuunga mahali pale kipande cheusi chenye idadi ile ile ya picha. Kwa hiyo, katika sinema ya namna hii, uangalifu wa fundi haukuwa urembo. Ulikuwa sharti la watazamaji kuelewa.

FILAMU IMEUNDWA NA NINI

Filamu ya sinema ni utepe wenye matabaka mawili makuu. La kwanza ni utepe wenyewe wa plastiki, unaobeba kila kitu. La pili ni utando mwembamba wa jelatini, ambayo ni protini itokanayo na mifupa na ngozi za wanyama. Ndani ya jelatini hiyo mna chembechembe ndogo sana za chumvi za fedha, hasa bromidi ya fedha, ambazo hubadilika zipatapo nuru.

Plastiki za utepe ni za aina tatu. Ya kwanza ni selulosi naitreti, iliyotumika katika filamu za milimita 35 tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hii ni plastiki ya hatari. Hushika moto upesi, na kwa kuwa ina oksijeni ndani ya molekuli zake, huendelea kuwaka hata ikifunikwa au ikitumbukizwa majini. Aina ya pili ni selulosi asetati, ambayo haiwaki kwa urahisi. Kampuni ya Kodak ilipoanzisha filamu ya milimita 16 mwaka 1923, kwa ajili ya majumbani na mashuleni, ilitumia plastiki hii ya salama. Aina ya tatu ni poliesta, iliyoenea baadaye. Hii ni imara kupita zote mbili.

Utepe wa futi 100 za filamu ya milimita 16, ambao ni kama meta 30 na nusu, una picha 4,000. Ukipitishwa kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde, hudumu dakika 2 na sekunde 47 hivi. Ukipitishwa kwa mwendo wa picha 16 kwa sekunde, uliotumika sana katika filamu zisizo na sauti, hudumu dakika 4 na sekunde 10. Kila picha imesimama tuli. Ubongo wa mtazamaji ndio unaozifanya picha zinazofuatana upesi kuwa mwendo mmoja.

JINSI PICHA INAVYOPATIKANA

Nuru inapoingia kwa lenzi na kuipiga filamu, chembe za bromidi ya fedha zilizopata nuru hupata mabadiliko madogo yasiyoonekana kwa macho: atomi chache za fedha hujitenga. Kazi ya kuifanya picha hiyo ionekane ndiyo ambayo mafundi huiita kusafisha picha. Hufanyika gizani, na kwa filamu nyeusi na nyeupe ina hatua hizi.

Kwanza, filamu hutiwa katika dawa ya kusafishia, ambayo mara nyingi ina haidrokwinoni. Dawa hii hugeuza chembe zilizopata nuru ziwe fedha halisi. Fedha hiyo, kwa kuwa imegawanyika katika vipande vidogo mno, haing'ari kama pete bali huonekana nyeusi. Mahali palipopata nuru nyingi huwa peusi zaidi, na hivyo picha hutokea kinyume: uso wa mchana huwa kama usiku.

Pili, chembe zisizopata nuru huondolewa kwa dawa ya kuimarisha, ambayo ni thayosalfeti ya sodiamu. Mwanafunzi wa kemia ataitambua hatua hii:

AgBr + 2Na2S2O3 → Na3[Ag(S2O3)2] + NaBr

Bromidi ya fedha, isiyoyeyuka majini, hugeuzwa kuwa chumvi inayoyeyuka na kuoshwa. Ikiwa maji ya kuoshea ni machache, mabaki ya thayosalfeti hubakia ndani ya jelatini, na baada ya miaka huishambulia fedha na kuifanya ya hudhurungi.

Iko pia njia ya kupata picha sahihi katika utepe ule ule uliokuwa ndani ya kamera, bila ya kutengeneza nakala. Baada ya dawa ya kwanza, fedha iliyotokea huyeyushwa kwa mchanganyiko wa daikromati ya potasiamu na asidi ya salfuriki. Kisha chembe zilizosalia, zile ambazo hazikupata nuru ndani ya kamera, humulikwa na kusafishwa kwa mara ya pili. Peusi huwa peupe na peupe huwa peusi. Njia hii ilipunguza gharama kwa watumiaji wa filamu ya milimita 16, lakini ilikuwa na hatari yake: utepe ni mmoja tu, nao ukiharibika hakuna mwingine.

FAIDA YA MLIMA

Dawa za kusafishia filamu zilipangwa kutumika katika joto la nyuzi 20 za Sentigredi hivi. Joto likizidi, mambo mawili hutokea. Kwanza, kemia huenda mbio na picha huwa nyeusi kupita kiasi. Pili, na hili ni baya zaidi, jelatini iliyolowa hulainika. Ikikaribia nyuzi 30 huweza kuvimba, kukunjamana, hata kuteleza na kuachana na utepe wake. Mafundi wa nchi za joto walizoea kuongeza salfeti ya sodiamu katika dawa ili kuizuia jelatini isivimbe, au kuikaza kwa alamu ya kromu.

Mji wa Korogwe uko bondeni, kama mita 300 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya joto mchana hupita nyuzi 30. Vugiri iko juu zaidi, kwenye kimo cha takriban mita 1,000. Kwa kuwa joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 hivi katika kila mita 1,000 za kupanda, tofauti ya mita 700 hushusha joto kwa nyuzi 4 au zaidi. Kwa mkulima hizo zaweza kuonekana chache. Kwa fundi wa filamu, ni tofauti kati ya jelatini inayoshika na jelatini inayoteleza.

Lakini mlima huleta pia ukungu, umande na mvua. Hapo ndipo lilipo fumbo la utunzaji wa filamu katika nchi hizi: mahali penye baridi mara nyingi pana unyevu, na mahali pakavu mara nyingi pana joto. Nyanda za Handeni ni kavu zaidi kwa sehemu kubwa ya mwaka, lakini zina joto na vumbi. Kila mahali pana adui wake, na mtunzaji hana budi kumjua wa kwake.

HARUFU YA SIKI

Mtu akifungua kopo la filamu ya zamani na kupigwa na harufu kali ya siki, asidhani kwamba kuna kitu kimemwagikia humo. Harufu hiyo ni asidi ya asetiki, nayo inatoka katika utepe wenyewe.

Selulosi asetati hutengenezwa kwa kuunganisha selulosi, iliyomo katika pamba na miti, na vikundi vya asetili. Molekuli za maji yaliyomo hewani hupenya katika plastiki na kuvibandua vikundi hivyo kimoja kimoja. Kila kinachobanduliwa huwa asidi ya asetiki. Kitendo hiki cha maji kuvunja molekuli huitwa haidrolisisi.

Jambo la kutisha ni kwamba asidi inayotokea huharakisha kitendo kile kile kilichoizaa. Ndiyo sababu filamu huweza kukaa miaka mingi bila dalili yoyote, kisha ikaharibika kwa haraka katika miaka michache. Na kwa kuwa asidi hiyo ni mvuke, hutoka katika kopo moja na kuyaingia mengine yaliyo jirani. Filamu moja iliyooza huambukiza kabati zima.

Utepe ulioathirika hupungua urefu, hujikunja, hukakamaa, na mwisho huvunjika. Jelatini, ambayo haipungui kwa kiasi hicho, hujikunja na kubanduka. Ajabu ni kwamba picha yenyewe ingeweza kudumu. Picha nyeusi na nyeupe ni fedha, na fedha iliyooshwa vizuri huishi miaka mingi sana, kuliko rangi za filamu za rangi, ambazo hufifia zenyewe. Kinachokufa kwanza si picha bali utepe unaoibeba.

Uchunguzi wa kimaabara umeonyesha kwamba filamu mpya ya asetati ikihifadhiwa katika nyuzi 21 na unyevu wa hewa wa asilimia 50, huanza kutoa siki baada ya miaka 40 hivi. Kila joto linapopunguzwa kwa nyuzi 5 au 6, muda huo huongezeka takriban mara mbili. Kinyume chake pia ni kweli: kila joto linapopanda kwa kiasi hicho, muda hupungua kwa kadiri ya nusu. Chumba cha bati kisicho na dari, ambacho mchana hufika nyuzi 35, huifupishia filamu maisha kwa namna ambayo hakuna dawa ya kuirudisha.

KUVU KATIKA LENZI

Adui wa kamera ni wa aina nyingine, ingawa naye ni mtoto wa unyevu. Mbegu za kuvu zimo hewani kila mahali. Zikitua juu ya kioo cha lenzi penye alama ya kidole au vumbi, na hewa ikawa na unyevu unaozidi asilimia 65 hivi kwa siku nyingi, huota. Kuvu huonekana kama nyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui. Hutoa asidi inayochimba kioo na kukiachia makovu yasiyofutika. Kuvu akiwahiwa mapema hufutwa. Akiachwa, lenzi haiponi. Jelatini ya filamu nayo ni chakula chake kizuri.

Kuvu hustawi gizani, mahali pasipopita hewa. Kwa hiyo mfuko wa ngozi unaouzwa pamoja na kamera, ambao wengi hudhani ni ulinzi, si mahali pa kuihifadhi kwa muda mrefu. Ngozi hunywa maji ya hewa na kuyashika. Mfuko huo ni wa safari tu.

Njia rahisi inayotumika katika nchi za joto ni kabati la taa. Balbu ndogo inayotoa joto huwashwa chini ya kabati la mbao lenye matundu machache. Hesabu yake inaweza kufanywa darasani. Hewa ya nyuzi 25 huweza kubeba gramu 23 hivi za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ikiwa unyevu ni asilimia 85, basi ina gramu 19.6. Hewa hiyo hiyo ikipashwa hadi nyuzi 32, uwezo wake wa kubeba huwa gramu 33.8. Mvuke haukuongezeka, lakini sasa gramu 19.6 ni asilimia 58 tu ya uwezo huo. Kuvu hawezi tena kuota.

Hata hivyo kabati hilo ni la kamera na lenzi, wala si la filamu. Joto linaloiokoa lenzi ndilo linaloharakisha siki katika filamu. Kosa la kuweka vyote pamoja katika kabati moja la joto hufanywa mara nyingi kwa nia njema. Kamera iwekwe palipo pakavu. Filamu iwekwe palipo pakavu na pa baridi.

Pasipo na umeme hutumika jeli ya silika ndani ya sanduku linalofungwa barabara. Punje zake hunywa mvuke. Zile zilizotiwa kloridi ya kobalti huwa za buluu zikiwa kavu na za waridi zikishiba maji. Zikishiba, hupashwa moto wa nyuzi 110 hivi kwa saa kadhaa nje ya sanduku, zikapozwa katika chombo kilichofunikwa, na kurudishwa kazini. Kwa kuwa kloridi ya kobalti ni sumu, punje hizo zisishikwe kwa mikono mitupu wala kuachwa karibu na watoto.

UTUNZAJI WA KAMERA KILA SIKU

Vumbi jekundu la barabara na vumbi la mashamba ya mkonge ni chembe ngumu. Zikisuguliwa juu ya lenzi hukwaruza kioo kama msasa. Kwa hiyo utaratibu wa kufuta lenzi ni huu, wala usigeuzwe: kwanza vumbi lipeperushwe kwa pampu ndogo ya mpira, pili, lililobaki liondolewe kwa brashi laini isiyotumika kwa kazi nyingine, tatu, kama kuna mafuta ya kidole, yafutwe kwa kitambaa safi cha lenzi kilicholoweshwa kidogo, kwa mizunguko kutoka katikati kwenda ukingoni. Dawa hutiwa katika kitambaa, kamwe si juu ya lenzi, kwa sababu hupenya ukingoni na kuingia ndani. Pindo la shati na ncha ya khanga havifai, hata vikiwa vimefuliwa.

Kamera nyingi za zamani za milimita 16, kama vile Bolex ya Uswisi iliyotokea mwaka 1935, huendeshwa kwa springi ya kukaza kwa mkono. Zilipendwa mahali pasipo na umeme, kwani springi ikikazwa mara moja kamera huenda karibu nusu dakika. Springi ikiachwa imekazwa kwa miezi huchoka. Basi kabla ya kuweka kamera, iendeshwe tupu mpaka springi ilegee yote. Kisha kila mwezi au miezi miwili itolewe, ikazwe kidogo na kuendeshwa, ili mafuta ya ndani yasigande. Mafuta ya kupikia yasitiwe kamwe. Hugeuka kuwa gundi.

Kamera zenye betri ziondolewe betri kabla ya kuhifadhiwa, kwa sababu betri iliyokwisha hutoa maji yanayokula shaba. Mlango wa ndani filamu inapopita ufutwe kwa brashi kila baada ya utepe mmoja, kwani unywele mmoja uliokwama hapo utaonekana kwenye kila picha. Wala kamera isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

KOPO LA ZAMANI LIKIPATIKANA

Shule, misheni, vyama vya ushirika na ofisi nyingi zilipokea filamu na mitambo katika miaka iliyopita. Mara kwa mara kopo lililosahauliwa huonekana stoo. Hatua zifuatazo zatosha kuliokoa.

1. Upana upimwe. Ukiwa milimita 35 na filamu ikadhaniwa kuwa ya kabla ya mwaka 1952, ichukuliwe kuwa ni naitreti mpaka ithibitishwe vingine. Iwekwe mbali na moto na jua, na wataalamu wa makumbusho au nyaraka waarifiwe. Isijaribiwe kwa kiberiti.

2. Ukingo usomwe kwa kioo cha kukuzia. Filamu za usalama mara nyingi zina neno la Kiingereza SAFETY. Filamu za Kodak zina pia alama ndogo za mwaka wa kutengenezwa kwa utepe, zinazorudia kila baada ya miaka 20: duara moja ni 1936, 1956 au 1976, mraba mmoja ni 1937, 1957 au 1977. Alama hiyo huonyesha mwaka wa utepe, si lazima mwaka wa picha.

3. Siki ichunguzwe, si kwa pua peke yake. Hifadhi za filamu hutumia karatasi zilizotiwa bromokresoli ya kijani. Karatasi hufungiwa ndani ya kopo kwa saa 24 au zaidi. Ikibaki ya buluu, filamu ni nzima. Ikiwa ya kijani, uharibifu umeanza. Ikiwa ya manjano, umekomaa. Kopo lenye siki litengwe na mengine mara moja.

4. Upungufu wa urefu upimwe. Picha 100 za filamu mpya ya milimita 16 zina urefu wa milimita 762. Zikihesabiwa kwa uangalifu juu ya meza safi na kupatikana kama milimita 754 au chini yake, filamu imepungua kwa asilimia moja au zaidi. Matundu yake hayatalingana tena na meno ya projekta, ambayo yataichana.

5. Filamu isipitishwe kwenye projekta kwa ajili ya kuona tu kuna nini. Kutazama mara moja kwaweza kuwa mara ya mwisho. Kipande kidogo cha mwanzo chaweza kutazamwa dhidi ya dirisha kwa kioo cha kukuzia, kikishikwa kwa ukingo.

6. Kopo lililopata kutu libadilishwe, kwa kuwa chuma chenye kutu huharakisha siki. Karatasi zilizoandikwa jina, tarehe au mahali zisitupwe. Zinakiliwe na kuhifadhiwa pamoja, kwani picha isiyo na maelezo ni nusu ya kumbukumbu.

7. Ikiwezekana, filamu iwekwe katika jokofu, ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa. Itakapotolewa, isifunguliwe mpaka ipate joto la chumba, vinginevyo mvuke wa hewa utageuka umande juu yake, kama uonekanavyo kwenye chupa ya soda iliyotoka barafuni.

8. Filamu inakiliwe kwa njia ya kidijitali mahali penye mtambo unaoisoma bila ya meno. Lakini baada ya kunakiliwa, ya asili isitupwe. Nakala za kompyuta nazo hupotea, na utepe wenye fedha, ukihifadhiwa pa baridi, huweza kuziishi nyingi.

HITIMISHO

Jaribio la Vugiri lilimalizika mwaka 1937, baada ya serikali za kikoloni za Afrika Mashariki kukataa kuendelea kulilipia. Filamu tatu zilizosalia ziko mbali na wazawa wa watu wanaoonekana ndani yake. Kwa sababu hiyo kopo lolote linalopatikana leo katika stoo ya Korogwe, Handeni au kwingineko, hata liwe la sherehe ya shule au mkutano wa ushirika, halina budi kushughulikiwa kana kwamba ni la pekee, maana huenda ni la pekee kweli.

Elimu inayohitajika kulitunza si ngumu. Ni ile ile inayofundishwa katika vidato vya sekondari: unyevu wa hewa, mwendo wa vitendo vya kikemia, asidi na vipimo vyake, na kutanuka na kupungua kwa vitu. Kipimajoto, rula, karatasi ya rangi na kabati lililo mbali na bati la paa vyatosha kuanza. Kazi ya kwanza ambayo klabu ya sayansi ya shule yaweza kuifanya ni kupima joto na unyevu wa stoo ya shule yenyewe, asubuhi na alasiri, kwa mwezi mzima. Matokeo yataonyesha kama vifaa vilivyomo vinahifadhiwa, au vinasubiri tu kuharibika.